Michikichi Dume ya Nyakitonto

Ninyi mnaoanza kazi ya ugani sasa, wenye pikipiki zinazowaka kwa kubonyeza kidole, siku ya kuniaga mliniomba niwasimulie kazi ilikuwaje. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau, nikasema nitaandika. Haya, naandika. Vyeo na mishahara siviweki humu. Vyeo vilikuja vilipotaka vyenyewe, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika mambo yaliyonichosha miguu, hasa lile la bonde la Nyakitonto, kwa sababu mpaka leo watu wananiuliza habari zake, na wanaolisimulia wengi wanalisimulia vibaya.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kibondo. Nilifika na sanduku la bati na viatu vya visigino. Msicheke, chuoni hakuna aliyetuambia. Bwana shamba niliyemkuta pale, marehemu Mzee Lameck, alinitazama miguuni, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na mabuti ya mpira makubwa kuliko mguu wangu, pamoja na magazeti ya kujazia mbele. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniambia nikifika kwa mkulima nile nilichopewa kabla sijafungua mdomo kutoa ushauri, na nisimwambie mtu shamba lake ni bovu mpaka nimelitembea lote, hata kwenye majimaji. Hilo la majimaji limenimalizia mabuti mengi, na serikali haikuyarudisha hata jozi moja.

Baadaye nikahamia Kasulu, na huko nikazeekea. Nilipita kwenye mihogo iliyokunjamana majani, migomba iliyonyauka mashamba kwa mashamba, na kahawa ambayo watu waliing'oa mwaka huu wakaililia mwaka uliofuata. Nimefukuzwa na mbwa, nimefukuzwa na nyuki, na kuna mzee mmoja alinifukuza na jembe kwa sababu nilimshauri apande kwa mistari. Yote hayo mtayapata wenyewe, hayahitaji kuandikwa.

Mwaka 2013, kustaafu kukiwa kunanukia, nikapangiwa upande wa Nyakitonto. Kiangazi kilikuwa ndiyo kimeanza. Asubuhi moja nimefika ofisini, nikamkuta mwanamke mrefu, mwembamba, ameketi juu ya gunia la mbegu kama mtu aliyeweka nia ya kulala hapo. Jina lake Velediana. Mumewe, Yohana, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na hakunificha kilichomuua: pombe. Alimwachia watoto, nyumba, na kipande cha bonde chenye michikichi.

Shida ilikuwa bonde. Shemeji yake, Bukuru, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka kukata michikichi yote apande kabichi. Wazee wa ukoo walikaa, wakaona kwamba mti usiolisha nyumba ni kuni tu, lakini wakampa mjane nafasi: mpaka mvua za kwanza aonyeshe miti ile inamlisha nini. Akishindwa, bonde ni la Bukuru. Na bila bonde, ile nyumba haikuwa na shamba la kuitegemea, kwa hiyo angerudi kwa wazazi wake Muyama. Habari ya watoto wangeizungumza baadaye. Velediana alieleza yote hayo bila kutoa chozi, kisha akanikazia macho.

"Mimi Muyama siendi, Bibi Shamba. Nataka kujua ile miti inatoa nini."

Nikavaa mabuti tukashuka. Kumbukeni kule kwetu ni juu, kuna baridi, si kama kule chini ziwani ambako mchikichi unazaa mpaka unainama. Pale bondeni miti ilisimama katika tope, majani tele, chikichi haba, vimikungu vidogo vya kuchekesha. Mafuta ya mawese pale ungeyapata ya kupaka mikono tu. Lakini nilipotazama juu niliona kila mti umejaa maua dume. Mchikichi ukiteseka kwa baridi au kwa mizizi kukaa majini, unapunguza maua jike na kuongeza dume. Mkulima wa mawese akiona hivyo anaapiza. Mgema akiona hivyo anafurahi, maana ua dume ndilo linalokatwa kabla halijafunguka, likatoa utomvu mtamu matone kwa matone usiku kucha.

Nilipomtajia habari ya kugema alinikatiza. Alijua utomvu ule unakuwa tembo kabla ya saa ya chakula cha mchana. Alisema pombe ilimla mume wake, na hatawanywesha waume wa wenzake kwa mikono yake mwenyewe. Alilisema polepole, na nikajua hapo hapafunguki. Basi, nikamwambia, tuuchemshe kabla haujachacha, mpaka unate kama asali.

Wazo hilo sikulitoa kitabuni. Kasulu mjini kulikuwa na mwenye duka, Bwana Salehe, ambaye wazee wake walitoka upande wa Tanga. Nilikwenda kwake kutafuta chupa, nikamweleza, naye akachangamka. Akanieleza kwamba bibi yake alikuwa akichemsha tembo la mnazi likiwa bado tamu, akapata shira ya kumwagia kaimati. Aliahidi kuichukua yote tutakayopika, kwa sharti moja tu, isinuke pombe hata kidogo. Alijigusa pua akasema hiyo haijawahi kudanganyika.

Mgema tulikuwa naye mmoja tu, Mzee Kabura. Familia yake ilivuka kutoka Burundi zamani, yeye sasa ni Mtanzania mwenye karatasi zake, na ugemaji aliutoa kwa baba yake kule kwenye michikichi ya tambarare. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye mikono iliyozidi mwili, na alipanda mti kwa mkanda wa kamba akiwa na kisu kinywani kana kwamba anapanda kitandani. Alikubali kutugemea kwa masharti kwamba mti mmoja uwe wake, na tusimsifie. Tulicheka. Mgema akisifiwa kila Mswahili anajua anachofanya.

Shira ya kwanza ilikuwa balaa. Velediana aliinjika sufuria mapema, kuni zikawaka, utomvu ukatoa povu, povu likanuka, na mpaka jioni kilichobaki mle hakinati wala hakinyweki. Uchachu mtupu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa nafuu kidogo, nikaipeleka kwa Bwana Salehe kwa matumaini. Alifungua kizibo, akakirudisha palepale, akaisukuma chupa upande wangu wa meza kwa kidole kimoja. Nilirudi Nyakitonto nimekasirika njia nzima, sijui hata namkasirikia nani.

Nikajua ni vibuyu. Vibuyu vya Mzee Kabura vilirithiwa, vyeusi ndani, na havijawahi kuonja maji. Kwa mgema wa tembo hiyo ndiyo akili yenyewe, maana kinachobaki ndani ya kibuyu ndicho kinachoamsha tembo la kesho. Kwa mpika shira ni sumu. Nilipomwomba avioshe kwa maji ya moto alinitazama kana kwamba nimemwambia amchemshe mama yake. Sikushindana naye. Velediana alikwenda Manyovu siku ya soko akanunua vibuyu vipya, tukavisugua kwa mchanga, tukavimwagia maji yanayochemka, tukavikausha juu ya moshi. Vilikuwa visafi kuliko vikombe vya ofisini kwangu.

Shira ikachacha tena.

Hapo ndipo Velediana alipoanza kukonda. Alibadilisha sufuria, akaazima ya jirani. Alibadilisha kuni. Alikwenda kuombewa kanisani. Nami nilikuwa nasoma vitabu vyangu vya chuo usiku na havikuwa na mchikichi hata mmoja. Wakati huohuo mawingu yalianza kujikusanya upande wa Burundi kila alasiri, yakitawanyika bila kunyesha, na Bukuru alipita bondeni mara kwa mara akihesabu hatua za matuta yake ya kabichi kwa sauti, ili tusikie. Hakuwa mtu mwovu, Bukuru. Alikuwa na watoto wengi na ardhi kidogo, na aliona michikichi ile kama mtu anavyoona wageni wasioondoka.

Siku moja nililala kwa Velediana kwa sababu pikipiki yangu ilikuwa imegoma. Asubuhi na mapema tukateremka wote bondeni, mimi nikitaka kuona ua linavyokatwa. Mzee Kabura alikuwa ametangulia, hajui kama tupo nyuma ya majani. Tukamwona amekaa chini ya mti. Akachukua kibuyu chake cha zamani, akamimina tembo kidogo ndani ya kibuyu chetu kipya, akakizungusha vizuri mpaka kila upande umelowa, akamwaga, akakifunga kiunoni. Kisha akashika mkanda apande.

Velediana alimsogelea bila kelele. "Mzee, unafanya nini?"

"Nakionjesha," alijibu, wala hakushtuka. "Kibuyu kikavu hakipandi mti. Kikipanda kikavu, mti unafunga maji, na mgema anaanguka."

Alikuwa akifanya hivyo tangu kibuyu cha kwanza kutoka Manyovu. Alikuwa ametuona hatujui, akaamua kutusitiri, akivionjesha peke yake kabla hatujaamka ili tusione haya. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na wakati huohuo sikujua nimgombeze kwa lipi, maana mtu alitutendea wema kwa moyo wake wote.

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza habari za vijidudu, jinsi vinavyokula sukari, jinsi tone moja tu la tembo linavyotosha kuharibu sufuria nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hao wadudu, Bibi Shamba, uliwaona?"

Nikakiri kwamba kwa macho hawaonekani.

"Baba yangu mimi nilimwona. Alipanda hivi maisha yake yote, akafa kitandani kwake." Akatikisa kichwa, akakataa kwa Kirundi. "Oya. Na kibuyu kikavu sipandi."

Vijana, mtakutana na jibu la namna hiyo, na msidhani ni ujinga. Yule alikuwa anatetea shingo yake, kwa sababu huko juu hakuna kitu kinachomshika isipokuwa kamba na anachokiamini. Ningeweza kubishana mpaka jua linazama. Velediana hakubishana. Alinyoosha mkono.

"Basi nipe mkanda."

Mzee Kabura alicheka kweli. Mwanamke hapandi mchikichi, alisema, mti unakauka. Velediana akageuka, akapanda kilima kwenda nyumbani, nikadhani amekwenda kulia. Akarudi amevaa suruali ya marehemu, ameikaza kiunoni kwa kipande cha kanga, amebeba kibuyu kikavu kilichotoka kwenye maji ya moto. Akauchukua mkanda pale chini ulipolala, akauzungusha mti ule wa kwanza.

Mara ya kwanza aliteleza hata hajafika juu ya kichwa changu, magome yakamchuna mikono. Akapanda tena, akateleza tena. Nilimwambia apumzike, akauzungusha mkanda upya. Mzee Kabura alikuwa ametupa mgongo, amekunja mikono, ila nilimwona shingo ikigeuka kidogo kidogo. Mara ya tatu mzee akashindwa kuvumilia.

"Egemea nyuma, mwanangu! Ukiukumbatia mti utakuangusha. Mwili nyuma, miguu ndiyo inapanda."

Tangu hapo alimfundisha. Yeye aliendelea kuonjesha vibuyu vya mti wake mmoja, na hakugusa tena vibuyu vyetu, na alisema kila siku kwamba miti yetu itafunga maji. Lakini alimfundisha kukata ua kwa mkato mwembamba kama karatasi, kurudia mkato asubuhi na jioni, na kufunika mdomo wa kibuyu ili nyuki wasizame. Alimnolea kisu mwenyewe. Velediana alikuwa na vidonda viganjani na magotini, jirani zake walimsema, na kuna mwanamke wa kwaya aliyemwomba aache kwa heshima ya kanisa. Alimjibu kwamba Mungu alimpa miguu miwili na hakuandika juu yake kwamba ni ya kutembelea chini tu.

Sasa nieleze shira inavyopikwa, maana kesho mtaulizwa. Utomvu uufikishe jikoni jua halijapata nguvu, uchuje kwa kitambaa kilichochemshwa, injika mara moja, usisubiri kibuyu cha mti wa pili. Moto uwe mkubwa mwanzoni, toa povu kila linapopanda. Baada ya muda mrefu, mrefu kuliko unavyopenda, viputo vidogo vya haraka vinageuka vikubwa, vizito, vinavyopasuka kivivu. Hapo punguza kuni na usiondoke, hata mgeni akija. Dondosha tone kwenye sahani ya baridi. Likikaa bila kukimbia, epua. Ukichelewa kidogo tu umepata peremende iliyoungua na sufuria ya kusugua wiki nzima.

Ile ya vibuyu vikavu ilitoka rangi ya chai ya rangi, ina harufu ya moshi kwa mbali na utamu unaokaa kooni. Velediana aliionja, akakaa chini mavumbini, akacheka mpaka akalia. Nilipoipeleka kwa Bwana Salehe alinusa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akachovya kidole, akalamba, akalamba tena.

"Hii ni shira," alisema, na akauliza nyingine iko wapi.

Lakini Salehe hakuwa mzee wa ukoo, na mvua haikungojea kikao. Ilinyesha usiku, mapema kuliko tulivyoizoea. Asubuhi yake nilikuwa kwenye jiko la shira tulilolijenga ukingoni mwa bonde, nimeshika mwiko, yeye yuko juu ya mchikichi, nikasikia watu wanakuja. Bukuru na vijana wawili wa kibarua, na mashoka mabegani.

Bukuru alisimama chini ya mti akatazama juu. Alimwambia shemeji yake ashuke, mvua ndiyo hiyo imefika, neno la wazee ni neno. Velediana akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo shemeji, akasema atashuka akimaliza. Alimaliza. Akashuka, akaniletea kibuyu, akapita mbele ya mashoka, akapanda mti wa pili. Vijana walitazamana. Mmoja akasema waziwazi kwamba yeye aliitwa kukata miti, mwenye mti akiwa juu yake hiyo ni kazi nyingine. Akaketi.

Akapanda wa tatu. Manyunyu yakaanza tena, na hapo nikaogopa, kwa sababu gome likilowa linateleza kuliko sabuni. Bukuru naye aliogopa, niliiona usoni mwake. Akanigeukia.

"Bibi Shamba, wewe ni serikali. Mwambie ashuke."

Nikamwambia serikali ina shira jikoni, haiwezi kuondoka. Mzee Kabura, aliyekuwa amejikunyata chini ya mti wake na kibuyu chake, alikohoa kuficha kicheko.

Mguu wa Velediana ukateleza. Mwiko ulinidondoka. Alining'inia kwenye mkanda kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha nikamwona anaegemea nyuma, polepole, kama alivyofundishwa, miguu ikaupata mti. Bukuru alikuwa amekimbilia chini yake na mikono juu, shoka limeanguka topeni.

"Shuka, Mama Jeni," alimwita sasa kwa jina la mwanawe, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Utaanguka. Nitawaambia nini watoto wa ndugu yangu?"

Kutoka juu akajibu bila hasira, anahema. "Nikianguka, shemeji, mnizike hapa hapa bondeni. Muyama siendi."

Mvua ilikuwa inagonga majani. Velediana akakata ua lake, akafunga kibuyu, akafunika mdomo wake, na Bukuru alibaki pale chini mikono imenyooka mpaka miguu ya shemeji yake ilipogusa ardhi. Ndipo akaishusha.

Tuliwapa viazi vitamu vya kuchemsha na shira juu yake, kwa kuwa hata adui akija na njaa hafukuzwi na njaa yake. Vijana walikula wakaomba tena. Bukuru alikula mwisho, amesimama, amenipa mgongo. Alipomaliza akanawa mikono, akaliokota shoka lake, nikadhani anairudia miti. Akatembea mpaka kwenye rundo la kuni za Velediana, akaanza kuzipasua. Alinung'unika kwamba magogo makubwa namna ile ndiyo yanayomtia mtu moshi machoni. Wale vijana wakanyanyuka wakamsaidia, na sufuria yangu ilichemka vizuri kuliko siku zote.

Wazee walipokaa, ni yeye aliyesema kwamba bonde lina mwenyewe. Kabichi zake alizipanda kwingine, na zilimsumbua.

Nilistaafu mwaka 2015. Michikichi ile imesimama, na tope lake lipo vilevile, mkienda chukueni mabuti. Mtamkuta Velediana juu, mwambieni mmetumwa na mimi, atawangojesha mpaka amalize mti, kisha atawalisha. Muyama huwa anakwenda sikukuu, kuwasalimia wazazi, na jioni anakuwa amekwisha kurudi.